Nilishuhudia kanisani kuwa mwanangu amepona, sasa namfichia dawa kwenye kopo la karanga

Shikamoo mama.

Mimi ni mama wa miaka 34, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nauza karanga, na zabibu zikiiva nauza zabibu. Mume wangu ni fundi ujenzi, kazi zake nyingi siku hizi ziko Mtumba. Tulijaliwa watoto wawili. Wa kwanza, wa kiume, alifariki akiwa na miaka sita. Homa ilimpanda jioni, tukasema tusubiri kupambazuke tumpeleke. Kulipopambazuka hakuwa wa kubebwa kwenda hospitali tena, alikuwa wa kubebwa kwenda kwetu Mvumi kuzikwa. Baadaye mdogo wake alipopimwa ndipo tukasikia kwa mara ya kwanza neno selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Huyo mdogo wake sasa ana miaka minane. Nitamwita Tumaini, si jina lake.

Mama, mimi nimekulia kanisani. Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Anglikana kijijini, nimelala kwenye mabenchi ya kanisa kabla sijajua kutembea. Nilipoolewa nilimfuata mume wangu kwenye kanisa lao la uamsho. Ni kanisa dogo, tunasali chini ya turubai, lakini watu wanapendana. Tulipofiwa, akina mama wa pale ndio walionifulia nguo na kunipikia uji mwezi mzima. Nakuambia haya ili usinijibu kana kwamba nimetoka kuwasema vibaya.

Mwezi wa tatu tulikuwa na ibada ya maombezi, akaja mtumishi mgeni. Alimwekea Tumaini mikono, mtoto akaanguka, akainuka anaruka. Nikapewa kipaza sauti. Nilisema: "Mwanangu ameponywa selimundu." Vigelegele vilipigwa mpaka watoto wa jirani wakaja kuchungulia. Mume wangu alilia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya mazishi hakulia. Baadaye tukaambiwa kwamba aliyeponywa hanywi dawa, kwa sababu kunywa dawa ni kumwambia Mungu hujafanya kitu. Nikaacha kumpa.

Wiki zikapita mtoto mzima kabisa. Akaruka kamba na wenzake, akala, akacheka. Nikasema Mungu ni mkubwa. Ulipofika mwezi wa sita na ile baridi ya upepo, akaamka saa tisa usiku ameshika miguu. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa ameng'ata pindo la kanga yangu na machozi yanateremka tu. Baba yake akapiga magoti akaanza kukemea. Mimi nilivumilia kidogo, halafu nikakumbuka ule usiku wa kaka yake. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaita bodaboda.

Nesi akaniuliza, "Dawa anakunywa vizuri?" Nikasema ndiyo. Kwa hiyo nilidanganya madhabahuni, nikaenda kudanganya na wodini.

Tangu tulipotoka hospitali nimemrudishia zile kapsuli, lakini kwa siri. Nazificha kwenye kopo la karanga, chini kabisa, kwa sababu baba yake hali karanga. Asubuhi akishaondoka ndipo nampa mtoto. Juzi nilipokuwa nachokoa kopo, Tumaini akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, leo tunasema nimepona au bado?" Sikuwa na jibu. Nikampa maji.

Sasa kuna mkesha mkubwa mwishoni mwa mwezi ujao, kanisa linaadhimisha miaka tangu lianze. Nimeshawekwa kwenye ratiba nisimame na mtoto tutoe ushuhuda tena. Mume wangu anasema maumivu yale ya Juni yalikuwa shetani anataka kuiba ushuhuda, na tukikaa kimya ameshinda.

Mama, sina amani. Nikiimba nyimbo za amani sauti inatoka lakini mimi sipo. Nikipiga magoti nasema "Bwana", basi, maneno yanaishia hapo. Saa tisa usiku ninaamka hata kama mtoto amelala vizuri, naenda kumgusa kama ana joto. Kila mtu ananiambia "kuwa na amani, Mungu anajua." Amani hiyo inapatikanaje? Nikisimama siku ya mkesha nitakuwa mwongo, na nikikataa nitakuwa nimemwaibisha mume wangu na Mungu pia. Na kuna jambo sijamwambia mtu: huwa najiuliza, ningekuwa na imani ya kutosha, yule wa kwanza angekuwepo?

Mama Tumaini, Dodoma.

JIBU

Marahaba mwanangu. Na kwa kuwa umenitajia Mvumi, pokea na mbukwa, salamu ya Kigogo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya pili nilifika pale Tumaini anapokuuliza "leo tunasema nimepona au bado", nikaiweka chini, nikatoka nje nikakaa kwanza.

Nikwambie nilivyokuelewa, na nikikosea unisahihishe. Unauliza usimame au usisimame siku ya mkesha. Lakini mkesha naona umekuja kuukuta mzigo uliokuwa kichwani tayari. Ulimzika mtoto bila kujua kilichomuua. Ulipokuja kujua, ukajua kwa kupitia mwingine ambaye anao ugonjwa ule ule. Nadhani siku ulipopewa kipaza sauti ulikuwa unawasemea watoto wako wote wawili, na machozi ya mume wako nayo yalikuwa ya wote wawili.

Ndiyo maana naomba tuliangalie vizuri lile neno ulilojipiga nalo, kwamba ulidanganya madhabahuni. Anayedanganya husema asichokiamini. Wewe siku ile uliamini, na uliona mtoto anaruka kwa macho yako. Ulitangaza mapema jambo ulilolitamani kuliko vyote, na hilo kwangu ni tofauti na uongo. La wodini ndilo lilikuwa uongo, na sitakuficha. Ila nalo lilisemwa na mama mwenye mtoto mgongoni saa kumi usiku, anayeogopa kugombezwa. Usiyatie yote kwenye gunia moja halafu uliite gunia lenyewe "mimi".

Sasa lile ambalo hujamwambia mtu.

Selimundu hurithiwa kutoka kwa baba na mama, wote wawili. Kila mmoja amebeba nusu yake bila kuumwa na bila kujua. Wazazi wa namna hiyo wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ugonjwa. Na unajua kwa nini hali hii imeenea sana kwetu? Ni kwa sababu mwenye kubeba ile nusu moja tu huwa na kinga dhidi ya malaria kali. Kilichowaokoa mababu zako na mababu wa mume wako katika vizazi vya malaria ndicho kilichokutana ndani ya mtoto wako. Sioni hapo laana ya ukoo wala dhambi ya mtu. Wala sioni mahali pa kupimia imani ya mama.

Na ule usiku wa homa. Mtoto mwenye selimundu, wengu wake huharibika mapema, na wengu ni mlinzi mkubwa wa mwili dhidi ya vijidudu. Kwa hiyo homa kwake si ya kusubiri hata saa chache. Hayo unayajua leo. Usiku ule ulikuwa na mtoto mwenye homa kama homa zote ulizowahi kuziona, na ulifanya ambalo kila mama wa mtaa wako angefanya. Najua kukuambia hivi hakutaondoa maumivu. Mwezi wa sita ulipofika, wewe huyo huyo hukusubiri kupambazuke. Umeniandikia jambo hilo kwa nusu mstari, kana kwamba si kitu, nami nimelisoma kama jambo kubwa kuliko yote katika barua yako.

Nije kwenye imani na vidonge. Umeambiwa kwamba kunywa dawa ni kumwambia Mungu hujafanya kitu. Sitaki kubishana na mchungaji wako kupitia kwako, hilo si haki kwako wala kwake. Ila wewe ni binti wa mwinjilisti, Biblia unayo, fungua sehemu mbili tu. Ya kwanza ni Wafalme wa Pili sura ya 20. Hezekia anaugua kufa, analia, Mungu mwenyewe anamtumia neno kwa mdomo wa Isaya: nitakuponya. Ahadi imeshatoka. Halafu Isaya huyo huyo anasema leteni mkate wa tini, wakauweka juu ya jipu, akapona. Nabii hakuona kwamba ule mkate wa tini ulikuwa unaitukana ahadi. Ya pili ni mstari mmoja mwishoni mwa barua ya pili kwa Timotheo, sura ya 4 mstari wa 20, ambapo Paulo anasema Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Paulo, ambaye leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, alimwacha rafiki yake mgonjwa akaendelea na safari, na hakuandika neno moja kwamba Trofimo alikosa imani.

Na huko kwenu unakujua. Wamisionari walifika Mpwapwa mwaka 1876, na Injili ilipotapakaa Ugogo, kanisa na matibabu vilikwenda pamoja. Pale Mvumi kanisa na hospitali ni majirani tangu bibi zetu. Bibi yako angekuona unaficha dawa ili usimkosee Mungu, nadhani angeshangaa.

Lakini furaha ya zile wiki, je, ilikuwa uongo? Hapana. Tumaini aliruka kamba kweli na alicheka kweli. Ila yapo mambo mawili ya ugonjwa huu ambayo pengine hukuelezwa. Maumivu ya selimundu huja na kuondoka, mtu anaweza kukaa wiki au miezi bila kuumwa na ugonjwa ukawa palepale. Na haidroksiurea, kama ndiyo hizo kapsuli, hufanya kazi taratibu kwa kuuamsha mwili utengeneze ile damu ya utotoni ambayo haipindi umbo la mundu. Ukiacha kuitumia, nguvu yake haikatiki siku hiyo hiyo, hupungua kidogo kidogo. Kisha ikaja Juni na baridi yake, na upepo wa Dodoma unaokausha midomo, na maji yetu ya kuhesabu ndoo. Baridi na upungufu wa maji mwilini ni vichocheo vikubwa vya yale maumivu. Kwa hiyo nakuomba soksi na sweta usiku, chupa ya maji hadi shuleni, mwalimu aambiwe amruhusu kwenda chooni kila anapoomba, na chandarua. Kumfunika mtoto sweta nako ni maombi, mimi naamini hivyo.

Sasa amani, maana hilo ndilo ulilolilia.

Kuna maneno tunayapenda sana kanisani, nimeyaona hata yameandikwa nyuma ya daladala: "Amani nawaachieni, amani yangu nawapa." Ni Yohana 14:27. Tazama yalisemwa lini. Yalisemwa mezani, usiku ule ule wa kukamatwa kwa Yesu. Saa chache baadaye huyo aliyeyasema yuko bustanini anawaambia rafiki zake roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, anaanguka kifudifudi, anaomba kikombe kimwepuke. Usiku mmoja, mtu mmoja. Alitoa amani yake na jasho likamtoka, na hakuifuta ile kauli ya mezani. Mwanangu, nimezunguka na jambo hili miaka mingi tangu nilipomzika mume wangu, watu wakinizuia kulia kwa kuniambia "kuwa na amani mama". Nilidhani amani ikifika machozi yatakoma. Siku moja ndipo nilipoona kwamba mwenye amani yake alilia. Alilia na njiani kwenda kaburini kwa Lazaro, tena akijua anakwenda kumfufua.

Kwa hiyo nikuulize kwa upole: hiyo amani unayosema huna, umeichora vipi? Kama ni kulala usiku kucha bila kwenda kumgusa mtoto, sijui mama yeyote mwenye mtoto wa namna hii aliyeipata. Kama ni kuimba bila kuhisi uchungu, sijaiona kwenye Zaburi. Soma ya 88. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, neno la mwisho kabisa ni giza, hakuna "lakini nitamsifu" ya kufungia. Na bado iliwekwa humo ndani ya kitabu cha kuimbia. Hiyo "Bwana" yako moja inayoishia hapo ni fupi kuliko Zaburi ya 88, lakini naona ni ya ukoo mmoja nayo. Usiione ndogo. Na usilazimishe nyingine.

Ila kuna aina ya kukosa amani ambayo haitokani na huzuni, inatokana na kuishi maisha mawili ndani ya nyumba moja. Hiyo hata ukiomba usiku kucha, asubuhi utalikuta kopo pale pale. Hapo ndipo naona una hatua za kuchagua, na kila moja ina gharama zake.

Iliyo nyepesi kuliko zote, kwa mtazamo wangu, ni kliniki. Mrudie nesi au daktari umwambie ukweli kwamba miezi kadhaa mtoto hakunywa, na kwamba sasa umemrudishia mwenyewe. Dawa hii hupangwa kwa uzito wa mtoto na damu hupimwa mara kwa mara kuangalia isishuke, kwa hiyo kumpa mtoto kwa siri bila mtu kufuatilia kuna hatari yake. Huenda ukagombezwa dakika mbili. Vumilia hizo dakika mbili. Umesamehewa na Mungu, nesi naye atakusamehe. Na ukiwa pale, waambie pia kwamba hulali. Watu wetu ukitaja kutolala kwa mawazo wanakutania Mirembe, kule hospitali ya wagonjwa wa akili, nawe usijali. Mwili uliofiwa na unaolinda kila usiku huchoka, na uchovu huo una matibabu yake.

Mume wako ni mlima mrefu zaidi. Unamwona kama mtu wa kukemea tu, na mimi simjui. Lakini yule mwanaume aliyelia kwenye vigelegele ambaye hakulia kaburini, namwona kama mtu aliyeshikilia uponyaji wa Tumaini kwa mikono miwili kwa sababu akiuachia atalazimika kumlilia mtoto wa kwanza. Yawezekana nimekosea. Wewe ndiye unayelala naye chumba kimoja. Kama ni mtu wa kupiga au wa kutupa dawa, basi usianze na yeye peke yenu wawili, mtafute kwanza mtu anayemheshimu, mjomba au mzee wa ukoo, awepo. Kama si hivyo, huenda mlango wa kuingilia si dawa kabisa. Huenda ni kumuuliza, jioni moja akiwa ameshaoga na kula, "Hivi yule mtoto wetu, wewe unamkumbuka vipi?" Mmewahi kumzungumzia? Barua yako haisemi. Na mkifika kwenye kliniki pamoja, daktari akieleza kwamba hurithiwa kwa wote wawili, jiandae, maana wanaume wengi husikia hilo kama lawama. Mkae karibu. Hata suala la mtoto mwingine, mkilifikiria siku moja, ni la kuulizia hapo mkiwa wawili.

Kuendelea kuficha nako ni chaguo, nisijifanye halipo. Mtoto anapata dawa, nyumba inatulia kwa sasa. Gharama yake inamwangukia Tumaini. Ana miaka minane na tayari anajua kuna maneno ya baba, maneno ya mama, na maneno ya kanisani, na anauliza leo tunatumia yapi. Siku akiumwa mama haupo, atamwambia nani? Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba swali lake la sauti ya chini nadhani linastahili jibu mapema kuliko mkesha. Anaweza kusikia kitu rahisi: "Bado unaumwa mwanangu, na Mungu anakupenda hivyo hivyo, na dawa hii anaipenda pia." Umtafutie maneno yako.

Mkesha wenyewe. Unaweza kwenda mapema kwa mchungaji, au kwa mke wake kama mnaelewana, useme: nisiwekwe kwenye ratiba, mtoto aliumwa Juni na anatumia dawa. Hatari ni kwamba utaambiwa umerudi nyuma, na wale waliokufulia nguo watanong'ona. Inauma kunong'onwa na watu waliokupikia uji. Lakini umesema wanapendana, nami nakuamini. Pengine upendo huo unabeba zaidi ya unavyofikiri, na hata mchungaji hana habari ya lile kopo. Unaweza kukaa nyumbani siku hiyo ukisingizia mtoto ana mafua. Wengi wangefanya hivyo, ila mwaka unaofuata kuna mkesha mwingine. Unaweza kusimama ukatoa ushuhuda mwingine kabisa, wa usiku wa Juni, wa namna ulivyofika hospitali kwa wakati safari hii na mtoto akarudi nyumbani anatembea. Huo nao ni wa kumshukuru Mungu, na kila neno lake ni kweli. Ila usimame tu kama una nguvu za kubeba macho ya watu, na kama mume wako amelisikia kwanza kutoka kwako, asilisikie kwenye kipaza sauti. Tumaini asilazimike kusimama nawe.

Jambo moja linanisumbua na ningekuwa mwoga nisipolisema. Chini ya turubai lile, siku ile ya mwezi wa tatu, huenda alikuwepo mama mwingine mwenye mtoto wa selimundu au wa kifafa, akakusikia, akaenda kuweka dawa pembeni. Sisemi ili nikuongezee mzigo. Nasema kwa sababu huenda kuna mtu ambaye ukweli wako utamfaa, hata ukimfikia kwa kunong'ona kisimani na si kwa kipaza sauti.

Umeuliza, ukikataa, utakuwa umemwaibisha Mungu? Mungu wa Ayubu aliwasikiliza wale rafiki watatu wakimtetea kwa maneno mazuri sura nyingi, mwishoni akasema hawakunena yaliyo sawa, Ayubu ndiye aliyenena, yule aliyelalamika. Rafiki hao walifanya jambo jema mara moja tu: siku saba za kwanza walikaa naye chini, kimya. Unaye mtu wa kukaa nawe hivyo? Mama yako yupo? Kuna mtu wa kwaya ya zamani, mwenzako wa kanisa la baba yako, anayeweza kuja kukaa nawe jikoni huku mnachambua mlenda bila kukuhubiria? Usihame kanisa kwa hasira wala usibaki kwa woga, hilo halina haraka. Mtafute kwanza huyo mmoja.

Nikirudi bustanini Gethsemane, Bwana aliwaomba rafiki zake kitu kidogo sana, wakeshe naye saa moja. Wakalala. Mimi kwa umri huu usingizi wangu ni mfupi, saa tisa usiku huwa niko macho nasikiliza majogoo wanaokosea saa. Kuanzia leo saa hiyo nitakuwa namtaja Tumaini, na kaka yake, na baba yao. Ukienda kumgusa paji la uso, ujue kuna mwingine ameamka. Ukishatoka kliniki niandikie, unieleze wamesemaje kuhusu damu yake, na kama amepata sweta.